UZI: V (1983–1985), Wageni waliokuja wakitabasamu. Tukikumbuke kama kilivyostahili

Mwana_wa_Jericho (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo. Leo nataka tukae na kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani ambacho vijana hawakijui na sisi wa makamo tunakikumbuka vipandevipande: V. Herufi moja tu, imepigwa rangi nyekundu inayochuruzika. Waliokiona kwa kanda za video huku Eastlands, Nairobi, watanielewa mara moja. Lakini ukimtajia mtu V atakujibu "ah, yule mwanamke aliyemeza panya", halafu basi. Tumehifadhi panya, hadithi yenyewe imetuponyoka. Ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Kwa asiyekijua: siku moja meli hamsini, kila moja kubwa kama mtaa mzima, zinatanda angani juu ya majiji makuu ya dunia. Wanashuka watu wanaofanana na sisi, wamevaa sare nyekundu na miwani nyeusi, na sauti zao zinatetema kana kwamba wawili wanasema kwa mdomo mmoja. Mkuu wao, John, anateremka juu ya jengo la Umoja wa Mataifa kule New York. Anasema sayari yao iko taabani, wanahitaji kemikali ambazo viwanda vyetu vinaweza kuzitengeneza, na malipo yake ni elimu yao yote. Dunia inashangilia. Kiwandani, bendi ya wanafunzi inawapokea kwa muziki wa Star Wars. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kisha mambo yanaanza kugeuka, na yanageuka taratibu mno. Wa kwanza kuandamwa ni wanasayansi, kwa kuwa wao ndio wangegundua mapema kwamba ngozi ile ya binadamu ni ya bandia. Inatangazwa kwamba wana njama. Baadhi yao wanajitokeza mbele ya kamera na kukiri. Jirani ambaye juzi mlikula naye nyama choma anaanza kujifanya hakuoni unapopita. Na hapo hatujaona gamba hata moja la mjusi! Kufikia wakati Mike Donovan, mpiga picha wa habari (aliigizwa na Marc Singer), anajipenyeza ndani ya meli na kuwafumania Wageni wakila, mitaa imekwisha kuharibika zamani.

Hii haikuwa bahati. Mwandishi na mwongozaji, Kenneth Johnson, ambaye kabla ya hapo alifanya The Incredible Hulk kwenye televisheni, aliandika kwanza hadithi isiyokuwa na kiumbe wa angani hata mmoja. Iliitwa Storm Warnings, ilitokana na riwaya ya Sinclair Lewis ya 1935, It Can't Happen Here, na ilihusu udikteta unaomea ndani ya Marekani kwenyewe. Wakubwa wa NBC, kituo cha televisheni kilichokirusha, walitaka kitu cha anga za mbali, maana Star Wars ilikuwa imetajirisha watu. Johnson akawavika madikteta wake ngozi ya mijusi. Mifupa ya hadithi ya kwanza haikuondoka, na ukitazama leo unaiona imetokeza kila mahali, hadi kwenye ile nembo ya Wageni inayokukumbusha mara moja bendera ya Hitler.

Sehemu mbili za kwanza zilionyeshwa Marekani tarehe 1 na 2 Mei 1983. Mwaka uliofuata, tarehe 6 hadi 8 Mei, ikaja V: The Final Battle, usiku tatu. Kisha kipindi cha kila wiki kikaanza tarehe 26 Oktoba 1984, na kufikia 22 Machi 1985 kilikuwa kimekwisha. Sehemu 19 tu. Kimekatwa kwenye kilele, bila jibu.

Naomba niwasimulie nyumba moja tu kutoka zile sehemu mbili za kwanza. Ni nyumba ya kina Bernstein. Babu, Abraham, alipona kambi za Wanazi, mkewe hakupona. Mwanawe Stanley ni mwoga wa kawaida, kama wengi wetu. Mjukuu, Daniel, ni kijana asiyedumu kazini wala kupendwa na msichana anayemtaka; Wageni wanampa sare na bunduki, na kwa mara ya kwanza maishani anaogopwa. Familia ya mwanasayansi Robert Maxwell inapokosa pa kujificha, babu anataka wafichwe kwenye kijumba cha uani. Stanley anakataa: tutauawa sote. Babu anamkumbusha mama yake, kwamba labda angekuwa hai kama kungetokea mtu wa kuwaficha wao. Hapo Stanley ananyamaza. Mwishowe anayewauza ni Daniel, mtoto wa nyumba hiyohiyo.

Hicho ndicho kipindi ninachokitetea hapa. Maoni yangu ni kwamba V iliishi kwa ajili ya majirani na ikafa siku ilipowasahau. Nitaeleza zaidi, lakini kwanza nataka kusikia mnachokikumbuka.

---

Mama_Umoja

Asante sana kaka kwa kutuletea haya. Mimi tulikitazama kwa jirani aliyekuwa na deki, watoto chini kwenye zulia, wakubwa kwenye makochi, na mlango umefungwa kwa sababu akiingia mtu mwingine hakuna pa kukaa. Panya nilimwona, siwezi kudanganya, na sikula chakula cha jioni.

Lakini mtu wangu alikuwa Julie. Juliet Parrish, mwanafunzi wa udaktari. Hakuna aliyemchagua kuwa kiongozi wa wapiganaji, watu walijikuta tu wanamgeukia yeye wakiuliza "sasa tufanyeje?" Na alikuwa anaogopa waziwazi. Mimi nilikuwa darasa la saba na nilikuwa sijawahi kuona kwenye skrini msichana msomi anayetoa amri kwa wanaume wenye bunduki na wanamsikiliza. Leo nafanya kazi maabara. Sisemi ni kwa sababu ya Julie peke yake, ila alikuwemo.

---

Mwana_wa_Jericho

Dada Mama_Umoja, umegusa penyewe. Faye Grant alimwigiza Julie kwa namna ambayo hata leo haijachakaa. Na upande wa pili yuko Diana, wa Jane Badler. Angalia jinsi hadithi ilivyowapanga: wote wawili ni watu wa sayansi. Diana ndiye anayeendesha majaribio juu ya binadamu, ndiye mwenye chumba kile cha kugeuza watu akili. Anapompata Julie anamweka humo, na kinachofuata si masumbwi, ni mwanasayansi mmoja akijaribu kuivunja nafsi ya mwenzake.

Kuhusu panya, ngoja tumalize deni lake. Donovan yuko nyuma ya kimia cha tundu la hewa, kamera begani. Chini yake Diana na mwenzake Steven wanazungumza kama watu walioketi kwenye hoteli ya kifahari. Diana ananyoosha mkono kwenye kizimba, anamshika mnyama mmoja mfano wa panya mnene, anainua kichwa, taya linaachana na uso, na mnyama anaingia mzima. Kisha koo linavimba, na uvimbe unashuka. Kilikuwa kichwa cha bandia kilichotengenezwa kwa mfano wa Badler, na ukitulia leo unaona ngozi ya mpira. Hainisumbui hata kidogo. Kinachotisha ni kwamba hakatizi mazungumzo.

---

Kijana_Roysambu

Maze hii uzi iko fiti. Mimi nilicheki ile mpya ya 2009, ya Morena Baccarin akiwa Anna. Sikujua kulikuwa na ya kwanza. Ile yetu pia ilikatwa, na mwisho wake uliniuma sana. Hii ya kitambo inaishinda kweli ama ni wazee mnapenda vitu zenu?

---

Mwana_wa_Jericho

Karibu kijana wangu. Ile ya kituo cha ABC ilianza Novemba 2009 ikaisha Machi 2011, sehemu 22, kwa hiyo na wewe unajua uchungu wa kuachwa njiani. Baccarin alikuwa mzuri mno, yule Anna mpole asiyepepesa macho. Na kama ulifika msimu wa pili ulimwona mama yake aliyefungwa chini ya meli, anaitwa Diana. Yule ni Jane Badler mwenyewe, walimrudisha kwa heshima.

Tofauti ninayoiona mimi ni hii. Katika ya 2009 Wageni wamekwisha kujipenyeza miongoni mwetu miaka mingi kabla ya meli kufika, kwa hiyo swali linakuwa "nani ni mjusi?" Katika ya 1983 unajua nani ni mjusi. Swali ni "nani ni binadamu lakini anawafanyia kazi, na kwa malipo gani?" Mama mzazi wa Donovan, Eleanor, anawaandalia Wageni karamu nyumbani kwake kwa sababu anapenda kuwa karibu na wakubwa. Mwenzake wa kazi, Kristine Walsh, mwandishi wa habari hodari, anakubali kuwa msemaji wao. Hakuna aliyewekewa bunduki kichwani. Tazama ya kwanza, halafu rudi hapa utuambie.

---

Babu_wa_Bahati

Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa naomba nami niseme.

Mimi kipindi hiki nililetewa na wanangu nikiwa tayari mtu mzima, na nilikaa nikakitazama hadi mwisho, kitu ambacho sikuwa na desturi nacho. Wanangu walidhani nimependa meli. Mimi nilikuwa nimemwona Daniel.

Aprili 1954 nilikuwa mtoto hapa Nairobi. Tarehe 24 Waingereza waliufunga mji, wakaita Operesheni Anvil, kuwasaka Mau Mau. Askari nyumba kwa nyumba, wanaume wakatolewa kwa maelfu, wakapelekwa kuchujwa Lang'ata, na wengi kutoka hapo wakaishia kambi za kizuizini za Manyani na Mackinnon Road. Babangu alikuwa mmoja wao. Alichotusimulia baadaye, na alisimulia mara chache, ni gakunia: mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani, matundu mawili ya macho, anakalishwa mbele ya foleni. Wewe unapita mbele yake. Akitikisa kichwa, umekwisha. Babangu hakuogopa Mzungu aliyesimama pembeni kama alivyoogopa yale macho, kwa sababu aliyekuwa ndani ya gunia alimjua kwa jina, na huenda walikuwa wamepanga nyumba moja.

Kwa hiyo kijana anayeuliza kama wazee tunapenda tu vitu vyetu: mimi nilichokiona ni kwamba kuna mtu Marekani aliyefahamu kwamba utawala wa kigeni hausimami kwa meli zake. Unasimama kwa kijana wa nyumba ya pili aliyepewa sare.

---

Mwana_wa_Jericho

Mzee wetu, shikamoo. Nakushukuru kwa kuliandika hilo hapa, najua si jepesi.

Nami niongeze kipande cha kizazi changu. V inaanza na tukio ambalo watu hulisahau: kabla ya meli kufika, Donovan yuko El Salvador kwenye kambi ya wapiganaji wa msituni, risasi zinalia. Na kabla hata ya hapo kuna maandishi kwenye skrini yanayoitunuku kazi hii kwa wapigania ukombozi wa zamani, wa sasa na wajao. Halafu katikati ya hadithi vijana wanachafua picha za Wageni kwa rangi ya kupuliza, bila mpango. Babu Abraham anawasimamisha. Wanadhani atawagombeza. Anachukua kopo, anapiga mistari miwili juu ya uso wa yule Mgeni anayetabasamu, V, na kuwaambia kwamba hiyo ni ya ushindi, waende wakawaambie wenzao.

Sasa jiweke Nairobi ya 1990. Wanasiasa Matiba na Rubia wametaka vyama vingi mwezi Mei, wamewekwa kizuizini Julai kabla ya mkutano wa Saba Saba, na uwanja wa Kamukunji unawaka. Chama tawala alama yake ni kidole kimoja. Sisi wa vyama vingi tukawa tunainua viwili. Vidole viwili dirishani mwa matatu viliweza kukuletea kichapo. Alama ile ilikuwa na chanzo chake na haikutoka kwenye kanda ya video, sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini mimi na wenzangu tuliokuwa tumeitazama kanda ile, kila tulipoona vidole viwili juu, kuna babu mmoja na kopo la rangi aliyetujia kichwani. Kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilipofutwa Desemba 1991 kaka yangu alichora V kwenye ukuta wa choo cha uani. Ilibaki pale miaka.

---

Fundi_Luthuli

Kaka Jericho, nakuheshimu, lakini kuhusu kilichoua kipindi nakupinga. Kilichoua V ni pesa.

Mimi nilitengeneza deki za video Luthuli Avenue miaka mingi, na V ilinipitia mikononi mara nyingi kuliko unavyodhani. Watu walileta deki wakisema "imeharibika", kumbe kanda waliyotumiwa na ndugu aliyeko Marekani ni ya NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, na hapa kwetu mfumo ni PAL. Picha inakuja bila rangi, au inapanda kama ngazi. Zilizotoka Uingereza ndizo zilizocheza sawasawa, na hizo zikakopiwa, kopi ikakopiwa, hadi uso wa Diana ukawa wingu. Kwa hiyo nilikitazama kipindi hiki mara nyingi sana kwa ajili ya kazi, sauti ikiwa chini, nikikodolea macho picha peke yake.

Na picha inasema ukweli. Katika zile sehemu 19 za kila wiki, vita vya angani ni vilevile! Chombo kilekile kinapinda kulia, mlipuko uleule, wiki baada ya wiki. Wanachukua vipande vya 1983 na 1984 wanavibandika. Kipindi kilikuwa ghali kupindukia, watazamaji wakapungua, NBC ikakaza mkono, kisha waigizaji wakaanza kuondolewa. Robert Maxwell anakufa mapema. Elias, yule kijana wa mitaani, anakufa. Mpiganaji Ham Tyler wa Michael Ironside anaondoka, Robin, binti wa Maxwell, anaondoka. Hata ile taarifa ya habari ya kufungulia, iliyosomwa na mwanahabari wa kweli Howard K. Smith, na ambayo mimi niliipenda mno kwa sababu ilikufanya uamini vita viko dunia nzima, wakaiacha. Ukikata pesa unakata mguu. Hakuna siri nyingine.

---

Mwana_wa_Jericho

Fundi, hoja yako ni nzito na sehemu kubwa nakubaliana nayo. Vita vya kubandika viko, kila mtu aliviona. Lakini ngoja nikuulize: lile tukio la Stanley na babu kuhusu kuwaficha kina Maxwell liligharimu nini? Chumba kimoja, watu wachache, na maneno. Sancho, yule mtunza bustani anayewatorosha kina Maxwell kwenye gari lake la kazi na kuwapitisha kizuizini, ni gari bovu na barabara tu. Daniel kuvaa sare mbele ya kioo ni sare na kioo. Vitu vilivyoifanya V kuwa V ndivyo vilivyokuwa rahisi kuliko vyote! Bajeti ikikatwa, ilikuwa ndiyo nafasi ya kurudi kwenye sebule za watu. Wao wakaendelea kung'ang'ania milipuko ambayo hawana tena.

Uharibifu wenyewe ulianza mapema zaidi. Johnson aliondoka wakati wa The Final Battle kwa sababu hakukubaliana na ilikokuwa inaelekea, na hakutaka jina lake litumike. Ukisoma majina utakuta jina la bandia, "Lillian Weezer". Yeye alimaliza sehemu zake mbili kwa namna ya ajabu: wapiganaji hawajashinda, wanatuma ujumbe angani kwa maadui wa Wageni, na hawajui kama utafika wala kama atakayekuja atakuwa bora. Ni mwisho wa kijasiri. Waliompokea walimpa mtoto Elizabeth, nusu binadamu nusu Mgeni, nguvu za ajabu, na katika saa ya mwisho anashika mitambo ya meli, anang'aa, na bomu halilipuki. Wapiganaji wa usiku tatu wote wanaokolewa na miujiza ambayo hakuna aliyeipigania. Ule ujumbe wa angani hautajwi tena. Ilibidi Johnson aje kuujibu mwenyewe kwenye riwaya ya 2008, V: The Second Generation.

Katika kipindi cha wiki kulikuwa na mtu mmoja ambaye angeweza kuokoa mambo. Nathan Bates, tajiri, aliigizwa na Lane Smith. Anafanya mapatano na Diana, Los Angeles inakuwa mji huria, Wageni na binadamu wote wanapita barabarani, na yeye ndiye mwenye funguo za mji. Anajiona ameokoa watu. Biashara zinaendelea, taa zinawaka, na kila siku anatoa kidogo zaidi ya jana. Huyo ni kibaraka wa daraja la juu, na maswali yake ni yale ya nyumba ya Bernstein yakiwa na suti. Wakamuua katikati ya msimu! Baada yake wakabaki na Diana na Mgeni mwenzake Lydia wakigombea cheo ndani ya meli, mavazi mazuri, mapanga ya mwanga, sumu kwenye glasi. Badler na June Chadwick walifurahisha kuwatazama, nakiri, lakini binadamu wa kawaida wakawa hawana cha kufanya isipokuwa kukimbia na kupiga risasi. Hapo ndipo mimi ninapoliona jeneza.

---

Mpwani_South_C

Waungwana, mmesahau Willie? Willie wa watu! Yule Mgeni mpole aliyefundishwa Kiarabu ili apelekwe Saudia, wakamtupa Los Angeles, akawa anaokota Kiingereza chake neno moja moja na kukosea. Sisi watoto wa Mombasa tuliokuja bara tulimpenda bure, maana tulijua maana ya kuchekwa kwa jinsi unavyosema.

Na lile tukio la kiwandani, Caleb Taylor anapatwa na ajali kwenye gesi ya baridi kali, na anayejitosa kumtoa ni Willie. Caleb alikuwa amekwisha kuwachukia Wageni wote bila kubagua, wamechukua kazi za watu. Tangu pale mambo hayakuwa rahisi kwake tena. Halafu fikiria Robert Englund, huyohuyo Willie, mwishoni mwa 1984 ndiye aliyetokea kama Freddy Krueger. Dada yangu alikataa katakata kuamini ni mtu mmoja.

Swali langu kwa Fundi na Jericho: lile vumbi jekundu lililowaua Wageni. Kwenye kipindi cha wiki walisema vijidudu vyake vinahitaji kipindi cha baridi ya kugandisha ili viendelee kuishi, ndiyo maana Wageni wakaweza kurudi sehemu zenye joto. Sasa jamani, Mombasa kuna barafu? Nairobi je, hata Julai?

---

Fundi_Luthuli

Umeua kabisa hapo, Mpwani. Sijawahi kuliwaza. Kwa hesabu hiyo Afrika karibu yote inabaki mikononi mwao, labda kilele cha Mlima Kenya tu ndicho huru.

---

Mwana_wa_Jericho

Mpwani, hili ni swali zuri kuliko chochote kilichoandikwa kwenye zile sehemu 19, na nasema kwa dhati. Watunzi waliweka sheria hiyo ili Los Angeles, wanakopigia picha, ibaki uwanja wa vita. Hawakugeuza ramani kuona wamewaacha nani. Lagos, Kinshasa, Nairobi, Jakarta, Bombay, wote hawa wangeishi chini ya meli bila vumbi, na upinzani wao ungelazimika kuwa wa namna nyingine kabisa. Ungekuwa wa viapo usiku, chakula kinachopelekwa msituni na wanawake, watoto wanaojua kunyamaza. Mzee wa Bahati angeweza kuwaandikia msimu mzima.

Hata familia ya Taylor, ambayo ndiyo iliyokuwa karibu nasi, haikupewa nafasi ya kutosha. Baba wa kiwandani, mwana mmoja daktari, Ben, na mwingine, Elias, mwizi wa mitaani anayejiona hafai kitu mbele ya kaka yake. Ben anapouawa, Elias anambeba hadi kwa baba yao, na Michael Wright analia pale kwa namna ambayo hadi leo nikifika hapo nasimamisha kanda. Baadaye, kwenye kipindi cha wiki, wakamfanya mwenye mgahawa, kisha wakamuua kwa mlio wa silaha na kuendelea na mambo yao. Hilo sikuwasamehe.

---

Kijana_Roysambu

Nimepata zile mbili za kwanza, nimemaliza ya kwanza usiku. Niko upande wa wazee. Ile scene ya Daniel akimwonyesha babu yake bunduki… acha tu. Sasa nipangieni, nikimaliza ya pili naenda wapi? Na zile 19 nizitazame ama niziruke?

---

Mama_Umoja

Usiruke ukamkosa Julie. Nyingine ruka.

---

Mwana_wa_Jericho

Maliza ya 1983 kwanza, kisha kaa siku mbili tatu bila kuongeza kitu, ule mwisho wa ujumbe wa angani ukae nawe. Halafu The Final Battle usiku tatu, kwa sababu Ham Tyler anaingia pale, na kuna lile shambulio la hospitali ambapo John anang'olewa uso mbele ya kamera zinazorusha matangazo ya moja kwa moja. Ukifika kwa mtoto anayeng'aa, vumilia.

Za kila wiki, tazama za mwanzo hadi Bates anapouawa. Baada ya hapo nenda moja kwa moja kwenye ya mwisho, The Return. Kiongozi mkuu wa Wageni, ambaye hatujawahi kumwona, anasimamisha vita na kumtaka Elizabeth aende naye. Elizabeth anakubali. Kyle, mwana wa Bates anayempenda, anajificha ndani ya chombo chao bila mtu kujua. Na Diana ametega bomu humo. Chombo kinaondoka, na hapo ndipo NBC ilipozima. Mswada wa sehemu ya ishirini uliandikwa, haukupigwa picha.

Mzee wa Bahati, kama hutajali, wengi hapa tungependa uendelee na ile ya babako na Manyani, hata kwa uzi wake mwenyewe. Fundi, na ile kanda ya Uingereza iliyocheza sawasawa, kama bado iko kwenye kabati lako, nitakuja Luthuli Jumamosi.